Nyota changa hainenepi bila kutapika: uzi wa wanaotazama anga Nyanda za Juu Kusini

#1 Mwanauyole

Wakuu, poleni na baridi.

Huu ni mwezi wa saba, anga la huku limekauka na mawingu yamekwenda zake. Ukitoka kidogo tu nje ya taa za Mwanjelwa unaona nyota mpaka shingo inauma. Humu jamvini mashimo meusi yameshajadiliwa hadi yamechakaa, viumbe wa sayari nyingine ndiyo usiseme, lakini nyota zinazozaliwa hakuna anayezigusa. Leo nazileta mimi, hasa zile ndogo, zenye uzito wa Jua letu au pungufu, maana hizo ndizo zinazotueleza tulikotoka.

Saa nne usiku inua uso. Kundi la Nge liko karibu na utosi, na ile nyota nyekundu kifuani pake ni Antares. Jirani yake, upande wa kaskazini, kuna wingu la gesi na vumbi linaloitwa Rho Ophiuchi, umbali wa miaka ya nuru 390 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima). Kwa macho hutaona kitu, usijisumbue. Ila Julai 2023 darubini ya James Webb ilitoa picha ya kipande cha wingu hilo, na ndani yake zilihesabika nyota changa kama 50, nyingi za uzito wa Jua au chini yake. Ile michirizi myekundu inayokatiza picha ni gesi inayofoka kutoka kwa nyota ambazo bado zinajengeka. Wengi mliifanya picha ya simu bila kujua mmebeba nini.

Sasa inafanyikaje. Ndani ya wingu la aina hiyo kuna baridi ya nyuzi 260 chini ya sifuri. Kipande kikizidiwa na uzito wake chenyewe kinaanza kuporomokea katikati. Tatizo ni kwamba hakuna wingu lililotulia kabisa, kila moja lina kamzunguko kake. Mtoto anayefukuza ndege shambani akizungusha kombeo kisha akaivuta kamba ikawa fupi, jiwe linakimbia zaidi. Na wingu ni hivyo hivyo, ila hapa "kamba" inafupishwa mara mamilioni. Gesi inazidi kukimbia kadiri inavyokaribia kati, hadi inafika mahali haiwezi tena kuanguka, inabaki kuzunguka. Ile ya juu na ile ya chini zinagongana, zinalala bapa. Hapo umepata diski, pana mara 100 na zaidi ya umbali kati ya Dunia na Jua.

Watu wengi huishia hapo: nyota katikati, diski pembeni, sayari zinakuja. Lakini jiulizeni, kama gesi ya diski imekwama kwenye mzunguko, nyota inakula nini? Ili gesi ishuke kwenye nyota lazima iupoteze ule mzunguko, na mzunguko haupotei hewani, lazima ubebwe na kitu kingine. Kinachoubeba kwa sehemu kubwa ni ile gesi inayofoka. Uga sumaku uliopita kwenye diski unashika sehemu ndogo ya gesi na kuirusha nje, juu na chini, kwa kilomita 100 hadi 300 kwa sekunde, ikiwa imeondoka na mzunguko mwingi. Iliyobaki inapata nafasi ya kushuka. Kwa makadirio ya kawaida, kwenye kila sehemu kumi zinazomezwa, moja hivi hutemwa. Ndiyo maana nasema nyota changa hainenepi bila kutapika. Ukiona mfoko, ujue kuna anayekula.

Maswali karibuni. Matusi peleka kwenye nyuzi za siasa.

#2 Chipsi Kavu

Nimevuta kiti cha mbele kabisa. Mkuu endelea, ila hesabu usizilete, tumezikimbia tangu kidato cha pili.

#3 Mti Mkavu

Mleta mada unaandika vizuri, sikatai. Ila mimi ni mtu wa ushahidi. Binadamu akijitahidi sana anafika miaka 80. Hiyo nyota unasema inakula kwa mamilioni ya miaka. Nani alikaa pale akaiona inazaliwa? Mmejuaje ni changa na si nzee inayokufa? Na hiyo diski imeonekana, au mmechora tu?

#4 Mwanauyole

Mkuu Mti Mkavu, hayo ndiyo maswali. Nijibu taratibu.

Oktoba 1852 Mwingereza John Russell Hind aliona nyota katika kundi la Ng'ombe, leo inaitwa T Tauri. Mwanga wake ulipanda na kushuka bila ratiba, na pembeni yake palikuwa na kiwingu ambacho baadaye kilififia kwa miaka mingi kisha kikaonekana tena. Ikabaki kioja. Mwaka 1945 Alfred Joy wa Marekani alikusanya nyota kadhaa za tabia hiyo akaziweka kundi moja kwa jina la T Tauri. Miaka michache baadaye Mwarmenia Viktor Ambartsumian akasema hizi ni nyota zilizozaliwa juzi tu kwa kalenda ya anga.

Alijuaje? Zote zimejibanza ndani au kandokando ya mawingu meusi. Nyota nzee ingekuwa imeshatembea, imelitelekeza wingu lake. Halafu kuna lithi, ile metali nyepesi. Lithi haivumilii joto: kiini cha nyota kikifika nyuzi milioni mbili na nusu hivi, inaungua. Mwanga wa nyota hizi ukiupasua rangi zake unakuta lithi tele bado iko usoni. Jua letu lithi yake karibu yote imekwisha. Kwa hiyo hizi hazijapikika. Wala hazijaanza kuunguza hidrojeni ya kawaida, zinang'aa kwa sababu zinasinyaa na kusinyaa kunatoa joto. Nyota ya saizi ya Jua inachukua miaka milioni 50 hivi hadi itulie kama Jua lilivyo leo.

Diski sasa. Mwaka 1983 setilaiti ya IRAS ilipima infraredi, ule mwanga wa joto usioonekana kwa jicho, na nyota nyingi changa zikakutwa zinatoa joto kuliko nyuso zao zinavyoweza. Kuna vumbi lililopashwa moto karibu. Lakini vumbi lingekuwa limeifunika nyota pande zote, nyota yenyewe tusingeiona, na tunaiona. Basi limelala bapa. Kufikia hapo ni hoja tu, nakubali ungeweza kubisha. Miaka ya 1990 darubini ya Hubble ikamaliza kazi. Kwenye wingu la Orioni, lile la upanga wa Jabari, zilionekana diski zenyewe, vivuli vyeusi vya mviringo mbele ya gesi inayong'aa.

Na kama una intaneti tafuta picha ya HH 30, iko kundi la Ng'ombe. Hiyo diski tunaitazama kwa ubavu. Nyota huioni kabisa, imezibwa na mkanda mweusi wa vumbi. Juu ya mkanda na chini yake kuna mwanga uliopinda, ndio uso wa diski unaomulikwa na nyota iliyojificha. Katikati, wima kabisa na huo mkanda, unatoka mstari mwembamba wa gesi, na mstari wenyewe si mfululizo, una mafundo mafundo. Ukiona ile picha huhitaji mtu wa kukuhubiria.

Yale mafundo ndiyo vitu vya Herbig-Haro, herufi HH zinatoka hapo: George Herbig wa Marekani na Guillermo Haro wa Mexico, waliovichunguza kila mtu kivyake katikati ya karne iliyopita. Hawakujua bado ni nini. Leo tunajua nyota haitemi kwa kasi moja. Gesi ya haraka ikiikuta ya polepole iliyotangulia, zinagongana na pale panawaka.

Kuhusu "nani alikaa akaona": Hubble ilipiga picha mifoko ya HH 34, HH 47 na mingineyo kwa kurudia ndani ya miaka 14 hivi. Ukizipanga picha unaona mafundo yanakwenda, mengine yanafifia, mengine yanawaka upya. Hatukuhitaji milioni ya miaka, mkuu.

#5 Mwalimu Kihesa

Kamwene! Nawasalimu kutoka Iringa. Nafundisha fizikia sekondari, uzi huu nitaupeleka darasani.

Niongeze kitu kwa Mti Mkavu. Kule jangwa la Atacama, Chile, kwenye mwinuko wa mita 5,000 hivi, kuna antena 66 zinazofanya kazi kama darubini moja, jina lake ALMA. Novemba 2014 ilitolewa picha ya diski ya nyota HL Tauri, umbali wa miaka ya nuru 450 hivi. Watu walitegemea sahani laini ya vumbi. Wakakuta pete zinazong'aa, zikitenganishwa na mapengo meusi, moja ndani ya nyingine hadi karibu na kati. Na nyota yenyewe inakadiriwa kutofikisha hata miaka milioni moja. Kabla ya hapo vitabu vilisema sayari zinahitaji muda mrefu kuanza. Ile picha iliwafanya wengi wafute ubao.

Wanafunzi wangu huwa wanauliza kwa nini sayari zetu zote zinazunguka Jua upande mmoja na karibu kwenye usawa mmoja. Mwanafalsafa Mjerumani Kant aliwaza jibu 1755, mwanahisabati Mfaransa Laplace akaliwaza upya 1796: zilitoka kwenye sahani moja inayozunguka. Walikuwa na kalamu na akili tu. HL Tauri imeonyesha sahani yenyewe.

#6 Mti Mkavu

Mwalimu, na wewe ni shahidi mzuri, lakini pengo si sayari. Mimi nikikuta njia shambani siwezi kuapa ng'ombe amepita.

#7 Mwalimu Kihesa

Na hapo uko sawa kabisa kaka yangu, wataalamu wenyewe bado wanabishana kuhusu HL Tauri. Pete zinaweza kuletwa na sayari, zinaweza kuletwa na vumbi kurundikana mahali shinikizo la gesi limepanda, au pale ambapo aina fulani ya barafu inageuka mvuke.

Ila kuna PDS 70, miaka ya nuru 370 hivi, nyota ndogo kidogo kuliko Jua, umri wake kama miaka milioni tano. Ndani ya pengo la diski yake sayari zimeonekana zenyewe: ya kwanza 2018, ya pili 2019. Zote ni majitu ya gesi. Zinatoa mwanga mwekundu wa hidrojeni, alama kwamba na zenyewe bado zinameza gesi. Na 2021 ALMA ilionyesha kwamba ile ya nje ina kadiski kake, ambako huenda miezi yake inatengenezwa. Hapo ng'ombe kaonekana, na anakula.

#8 Tukuyu Mvua

Nyie wa Uyole na Iringa mnajidai na anga kavu. Huku kwetu nyota tunazisoma kwenye nyuzi kama hizi, mawingu ya Rungwe hayana likizo. Ndaga fijo mleta mada, angalau leo nimetazama.

#9 Vwawa Mjini

Wakuu, mimi natokea Mbozi. Je, kile kimondo chetu pale Ndolezi kina uhusiano wowote na mambo haya, au kile ni habari nyingine? Maana kila mgeni akija tunampeleka, anapiga picha amekiegemea, anaondoka. Maelezo tunayojua ni "tani 16, kilitoka angani", basi.

#10 Mwanauyole

Vwawa, nilikuwa nasubiri mtu wa Mbozi aulize. Kina uhusiano mkubwa, kwangu mimi ndicho kitu cha thamani kuliko vyote katika mada hii, na kiko njia ya Tunduma, nauli ya kawaida tu.

Kimondo cha Mbozi ni chuma, asilimia 90 hivi, na nikeli inayokaribia asilimia 9. Ukikigusa ni cha baridi, kizito machoni, uso wake una mabonde mabonde, na pale kilipokatwa chuma kinang'aa tofauti na ganda la nje. Chuma safi cha namna hiyo hakijitengenezi angani kikiwa peke yake. Kinahitaji kwanza kuwe na gimba zima, la kilomita makumi au mamia, liyeyuke, na chuma kizame kati kama kilivyozama ndani ya Dunia. Baadaye magimba ya aina hiyo yakagongana na kupasuka, na vipande vya viini vyake ndivyo vimondo vya chuma.

Swali: gimba dogo vile liliyeyushwa na nini? Lingekuwa limejengeka polepole, joto lingepotea. Jibu ni alumini-26, aina ya alumini yenye mionzi iliyokuwepo kwenye diski ya Jua. Inapungua nusu kila miaka laki saba hivi. Leo imekwisha yote, lakini imeacha magnesiamu-26 ndani ya vimondo vya mawe, hivyo kiasi kilichokuwepo kinapimika. Ili joto lake litoshe kuyeyusha mwamba, gimba lilipaswa kujengeka upesi, kabla alumini haijapungua sana. Na vipimo vya tangsteni, metali inayotumika kama saa ya kupimia umri, kwenye vimondo vya chuma vinakubaliana na hilo: viini vingi vya chuma vilitengana na mwamba ndani ya miaka milioni moja hadi mbili hivi ya mwanzo wa mfumo wa Jua, miaka bilioni 4.6 iliyopita kasoro kidogo.

Sasa unganisha na alichoandika mwalimu. HL Tauri haijafika miaka milioni moja na tayari diski yake imejaa pete. Diski nyingi zinadumu miaka milioni chache tu. Zikifika milioni 10 karibu zote zimetoweka. Kule angani tunaona nyota za wengine zikiwa na haraka. Pale Ndolezi umeegemea kitu kilichotokana na haraka ile ile, ila ya Jua letu, wakati lenyewe lilikuwa nyota ya aina ya T Tauri, lina diski, na kwa kila dalili lilikuwa linafoka gesi pande mbili kama wenzake. Mimi ningekuwa mwongozaji wa wageni pale, ningeanza na hapo, tani 16 ningezitaja mwishoni.

#11 Vwawa Mjini

Duh. Mkuu, hili nalichapa kwenye karatasi Jumamosi nawapelekea vijana wanaopokea wageni.

#12 Bibi Makete

Wanangu hamjambo. Mimi nipo karibu na Kitulo, huku mwezi huu majani asubuhi yanakuwa meupe kwa jalidi. Naamka mapema kwa ajili ya ng'ombe na kila alfajiri nakiona Kilimia. Nacho kina hizo diski? Kwenye picha mjukuu alionionyesha kina ukungu wa bluu.

#13 Mwanauyole

Shikamoo mama. Pole na jalidi.

Kilimia ni kichanga kwetu, lakini kwa mambo haya kimeshakuwa kijana mkubwa: umri wake ni kama miaka milioni 100. Diski za nyota zake zilishakwisha, zilizopata sayari zimepata. Ule ukungu wa bluu si wingu walikozaliwa, ni vumbi la njiani ambalo kundi linapita ndani yake sasa hivi, nalo linaakisi mwanga wa nyota.

Ila mama umesimama mahali pazuri. Mwezi wa nane, saa kumi na moja alfajiri, tazama kaskazini-mashariki. Kilimia kipo, chini yake upande wa mashariki kuna nyota ya rangi ya machungwa, Dabarani. Hiyo ni jirani, miaka ya nuru 65 tu. HL Tauri aliyoisema mwalimu iko kando yake kidogo kwa macho, lakini kwa kweli iko nyuma mbali, karibu mara saba ya umbali huo. T Tauri yenyewe ipo eneo hilo hilo. Sehemu hiyo ya anga inayoonekana tupu ina mawingu meusi yaliyojaa nyota changa. Kuna moja inaitwa L1527, James Webb iliipiga picha 2022: mfoko umetoboa mapango mawili kwenye wingu, la juu na la chini, yanawaka rangi ya moto na bluu, na kiunoni pake kuna kijistari cheusi, ndiyo diski. Umri unaokadiriwa ni miaka laki moja. Mimi siijui picha nyingine inayoeleza mada hii vizuri kama hiyo.

#14 Chipsi Kavu

Swali la mtoro wa hesabu: Jua letu limeacha lini kutapika? Na likianza tena?

#15 Mwalimu Kihesa

Mfoko unaishi kwa kutegemea diski. Diski ikikauka, mfoko umekwisha. Gesi nyingine imemezwa, nyingine imeingia kwenye sayari kama Mshtarii na Zohali, na iliyobaki inapulizwa na mionzi mikali ya nyota yenyewe. Leo Jua lina upepo wake, kama kilomita 400 kwa sekunde, lakini ni mwembamba mno na unatoka kila upande, si mfoko. Kwa hiyo lala usingizi.

Zile changa ndizo hazitabiriki. FU Orionis ilikuwa nyota hafifu isiyojulikana, kati ya 1936 na 1937 ikapanda mwanga zaidi ya mara mia, na mpaka leo haijarudi chini kama zamani. Diski ilimwaga chakula kingi kwa mkupuo. Na zipo zinazokawia, kama TW Hydrae: miaka ya nuru 196 tu kutoka hapa, umri wake unakaribia milioni 10, na bado ina diski yenye pete.

#16 Mti Mkavu

Mimi bado mbishi, ila nataka kuona moja kwa jicho langu. Nina darubini ndogo niliyoletewa na shemeji, kioo chake sentimita 10. Inatosha?

#17 Mwanauyole

Diski hutaiona, hiyo ni kazi ya akina Hubble. Nyota yenyewe utaiona. T Tauri ina mng'ao wa daraja la 10 hivi (namba ikipanda, nyota ni hafifu zaidi), sentimita 10 zinatosha ukiwa mbali na taa. Kwenye ile V ya nyota iliyo na Dabarani kwenye ncha moja, nenda ncha ya pili, nyota inaitwa Ain. T Tauri iko pembeni yake, umbali usiofika nyuzi mbili za pembe, upande wa kuelekea Kilimia. Tumia ramani ya nyota kwenye simu, vinginevyo utatazama nyota isiyo yake usiku kucha. Na ujue unatazama zaidi ya nyota moja: T Tauri ina wenzake wawili waliozama kwenye vumbi, wanaonekana kwa infraredi tu.

Usisubiri Desemba eti itakuwa inaonekana jioni, mvua za huku unazijua. Mwezi wa nane na wa tisa, alfajiri, Kawetere au upande wa Kitulo, koti mbili. Mimi darubini ninayo ila tripodi imevunjika mguu. Mwenye tripodi Mbeya mjini aje faragha tupange siku.

#18 Tukuyu Mvua

Tripodi ninayo. Anga ndiyo sina. Nakuja.